Kufufua Land Rover 109 uani kwako: anza na chesisi, rangi ije mwisho

Wengi wanaokuja kuniuliza habari za Land Rover ya zamani huanza kwa kuisifia bodi. "Fundi, hebu itazame, haina kutu hata chembe." Ni kweli haina, na haiwezi kuwa nayo. Gari hili lilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgawo kwa sababu ya vita vilivyokuwa vimetoka kuisha, kwa hiyo bodi ikafanywa ya aluminiamu. Lakini bodi hiyo imekalia chesisi ya chuma, yaani fremu inayobeba gari zima, na chuma huoza kwa ndani kimyakimya. Nimeshika magari yanayong'aa juu ambayo chesisi zake unazitoboa kwa bisibisi. Kwa hiyo kila ninachoeleza hapa kinafuata mpangilio mmoja: mifupa kwanza, ngozi baadaye.

Ninazungumzia hasa Series III ya 109, yaani ile ndefu, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, yenye injini ya petroli ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Ukiwa na 88 fupi au Series II, mengi ni yaleyale.

Hatua ya 1: Kadi, nyundo na bisibisi

Kabla ya kutoa pesa, linganisha namba ya kwenye kadi ya gari na ile iliyogongwa kwenye chesisi, mbele upande wa kulia, karibu na springi. Sugua kwa brashi ya waya mpaka isomeke. Gari lenye namba zisizolingana usilinunue, hata likiwa zuri namna gani.

Kisha ingia chini na nyundo ndogo. Gonga chesisi nzima, shubiri kwa shubiri. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hujibu kwa mlio mfu, na mara nyingine unga wa kutu humwagika kwa ndani ukausikia. Kagua zaidi boriti ya nyuma kabisa, mikono inayotoka pembeni kubeba bodi, sehemu zinaposhikiliwa springi, na sehemu ya chesisi iliyo juu ya tangi la mafuta, ambako tope hukaa mwaka mzima. Palipo na shaka, chokonoa kwa bisibisi. Mwenye gari akikukataza kuchokonoa, amekwisha kukujibu.

Hatua ya 2: Spana sahihi, halafu kufungua

Nati nyingi za gari hili ni za inchi. Spana ya milimita 13 huingia kwenye nati ya nusu inchi, nayo ni milimita 12.7, ukadhani mambo ni sawa. Ikiwa na kutu, spana inateleza na kula kona zote. Nati ya 9/16 ni mbaya zaidi: 14 haiingii, 15 inacheza. Nunua seti ya inchi yenye 7/16, 1/2, 9/16 na 3/4 kabla ya kugusa chochote. Nati zilizoganda zipulizie mafuta ya kulainisha kutu siku mbili kabla.

Chomoa betri. Toa tangi la mafuta na ulipeleke mbali kabisa na mahali utakapochomelea. Milango, boneti, mabawa ya mbele, paa na karai la nyuma vyote vimefungwa kwa bolti, hivyo bodi inashuka vipande vipande. Karai la nyuma la 109, yaani sehemu ya kubebea mizigo, ni kubwa, ita vijana wanne au zaidi wa kulinyanyua. Piga picha kila kitu kabla ya kufungua, na bolti za kila sehemu ziwe na kopo lake lenye jina. Baada ya miezi minane hutakumbuka bolti ipi ilitoka wapi.

Na usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma au magogo manene ya mti mgumu, kisha litikise kwanza ukiwa nje.

Hatua ya 3: Chesisi na ukuta wa mbele

Hapa ndipo miezi na pesa zitakapokwenda, na ndipo panapostahili.

Pima kwanza. Kamba au futi kutoka kona ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikilingana, chesisi haijapinda. Andika namba hizo ukutani, kwa sababu utazirudia baada ya kila kipande utakachochomelea.

Kata palipooza mpaka ukute chuma kinachong'aa pande zote mbili. Kiraka kilichobandikwa juu ya kutu huficha ugonjwa tu, na kutu itatokea pembeni yake baada ya masika mawili. Tumia bamba la milimita 2 hadi 3, chomelea kidogo hapa, hamia pale, urudi, ili joto lisiivute chesisi. Matundu madogo ya chini yaliyowekwa kiwandani ni ya kutolea maji. Usiyazibe. Ukimaliza, paka rangi ya kuzuia kutu nje, kisha mimina au puliza nta ya kuzuia kutu ndani ya boksi la chesisi, kwa sababu uozo ulianzia huko.

Ukuta wa mbele, ule unaotenganisha injini na miguu ya dereva, nao ni wa chuma. Huoza chini kwenye nyayo na kwenye nguzo zinazoshika bawaba za milango. Katika gari langu la kwanza nilizikata nguzo zote mbili kwa mkupuo, nikachomelea vizuri, nikapaka rangi. Siku ya kurudisha milango, haikufunga hata mmoja: ukuta ulikuwa umesogea. Nilikata upya kazi ya wiki tatu. Sasa huchomelea kwanza vyuma vya kona vya muda kutoka nguzo moja hadi nyingine, nakata upande mmoja, natundika mlango kuujaribu, ndipo nagusa wa pili.

Hatua ya 4: Kunyoosha aluminiamu kwa sabuni ya mche

Aluminiamu ikigongwa inakuwa ngumu, ukizidi inapasuka. Ilainishe kwa moto, lakini jua kwamba haibadiliki rangi kama chuma: inaonekana baridi mpaka dakika inapoyeyuka. Wazee walinifundisha kipimo ambacho hakijawahi kuniangusha. Sugua sabuni ya mche kwenye mbonyeo, pitisha moto wa gesi taratibu kwa mbali, na sabuni ikigeuka kahawia iliyokoza kuelekea weusi, ondoa moto. Iache ipoe, kisha nyoosha kwa nyundo ya mbao huku nyuma umeweka mfuko wa mchanga.

Aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, yenyewe ndiyo huliwa na kuwa unga mweupe. Kata vipande vya tyubu ya tairi, uviweke kila mahali bodi inapokutana na chesisi au ukuta wa mbele. Ni kazi ya nusu siku.

Hatua ya 5: Ekseli na breki

Nyuma ya magurudumu ya mbele kuna tufe mbili zinazong'aa. Pitisha kidole. Zikiwa na vishimo vya kutu, kila sili mpya utakayoweka itakatwa na oili itavuja. Badilisha tufe lenyewe.

Kwenye breki usibanie pesa. Nyingi za miaka ya 1970 zina mzunguko mmoja: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanabaki bila breki. Weka mipira mipya, silinda mpya za magurudumu na mabomba mapya. Vipuri vya mpira visafishe kwa mafuta ya breki tu, kwani petroli huvivimbisha.

Kutoa hewa kwenye mabomba ya breki ya 109 kumewakatisha tamaa wengi. Unapampu na kupampu, pedeli bado laini. Siri ni kukaza virekebisho vya viatu vya breki kwenye kila gurudumu mpaka viatu vibane ngoma kabisa, ili pistoni za breki zisitembee. Toa hewa hali ikiwa hivyo, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na pedeli. Pedeli ikishakuwa ngumu, legeza virekebisho mpaka gurudumu lizunguke huru.

Hatua ya 6: Injini na umeme

Injini iliyokaa miaka usiipige staata. Toa plagi, tia oili kidogo kila silinda, iache ilale usiku mmoja, kisha gia ikiwa huru izungushe taratibu kwa hendeli. Ikizunguka bila kukwaruza, una bahati kubwa.

Vali zote nane zinahitaji mwanya wa milimita 0.25. Kumbuka hesabu ya tisa: vali ya 1 ikiwa wazi kabisa, rekebisha ya 8, ya 3 ikiwa wazi, rekebisha ya 6, ya 2 ikiwa wazi, ya 7. Daima jumla ni tisa. Mwanya wa platini, zile ncha zinazokata umeme wa kuwasha plagi, ni milimita 0.35 hadi 0.40, wa plagi 0.75 hadi 0.80, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Ukifungua hedi, bolti zake kubwa zikazwe hatua kwa hatua mpaka niutoni-mita 88.

Nyaya zikiwa zimekauka maganda, badilisha zote. Hitilafu nyingi za taa hutokana na waya wa kurudi unaotegemea bodi iliyopakwa rangi, kwa hiyo vuta waya mnene kutoka betri hadi chesisi, na mwingine hadi injini, juu ya chuma kilichosuguliwa. Series III hurudisha kwa hasi, yaani upande wa hasi wa betri ndio unaofungwa kwenye chesisi. Baadhi ya magari ya kabla yake hurudisha kwa chanya, kwa hiyo hakikisha kabla ya kufunga betri. Injini ikiunguruma, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.4.

Hatua ya 7: Rangi, kisha barabara

Rangi ya kawaida hubanduka kwenye aluminiamu tupu. Anza na praima ya asidi ya kushikia aluminiamu, halafu rangi uipendayo. Mimi hubaki na kijani kibichi iliyokoza, paa na ringi za rangi ya krimu, kama zilivyotoka kiwandani.

Safari ya kwanza iwe fupi, barabara isiyo na watu, mwendo wa pole, ukijaribu breki mara kwa mara. Baada ya kilomita 50 kaza upya nati za magurudumu na zile bolti za umbo la U zinazoshika springi, maana springi mpya hukaa sawa ikishabeba uzito. Kagua oili ya gia boksi, difu na zile tufe za mbele. Likirudi nyumbani likiwa kavu chini, lipeleke kwa askari wa usalama barabarani wakalikague.