Jinsi ya Kuwa Mchoraji wa Hadithi za Njozi na za Kisayansi

Anza kwa kuchora miili halisi, kwani joka haliaminiki mpaka bawa lake litokee begani kama la popo, vidole virefu vikitanda chini ya ngozi. Chesley Bonestell, mchoraji Mmarekani wa anga za juu ambaye mwaka 1944 picha zake za sayari ya Zohali kama inavyoonekana kutoka kwenye miezi yake zilichapishwa, naye alianzia kwenye vitu halisi: alitokea katika usanifu wa majengo. Kusanya picha zako 10 hadi 15 zilizo bora tu, kwa sababu mchapishaji hukupima kwa ile iliyo dhaifu. Ukipewa kazi ya kuchora jalada, tanguliza michoro midogo ya penseli, ukiacha nafasi ya jina la kitabu. Mkataba usome neno kwa neno: kuruhusu picha ichapishwe si kuuza hakimiliki, na inaniuma kuona chipukizi wakitia saini bila kulijua hilo.