Somo: Jinsi ya kufuatilia joto la ndani ya kompyuta yako

Wakuu, kompyuta inayozidiwa na joto haizimi mara moja. Kwanza prosesa (chipu kuu inayofanya kazi zote za hesabu) hujipunguzia kasi ili ipoe, na wewe unaona mashine nzito tu. Wengi huishia kupiga Windows upya au kuongeza RAM, kumbe shida ni vumbi. Kabla hujatoa hela, pima.

Hatua ya 1: Pata programu. Kwenye Windows tumia HWMonitor au Core Temp. Ipakue kwenye tovuti ya waliotengeneza, maana tovuti za kupakulia kila kitu hubandika na takataka zao humo humo. Task Manager ya Windows 10 na 11 huonyesha joto la kadi ya picha, lakini la prosesa haionyeshi. Wa Ubuntu, sakinisha lm-sensors, endesha `sudo sensors-detect`, kisha andika `sensors`.

Hatua ya 2: Pima ikiwa imetulia. Iwashe, iache dakika kumi hivi bila kufungua kitu. Prosesa ikicheza kati ya nyuzi 30 na 50 za sentigredi, hapo shwari.

Hatua ya 3: Ipe kazi. Cheza gemu zito au badili video ndefu iwe ya fomati nyingine kwa nusu saa, halafu tazama safu ya Max kwenye HWMonitor. Nyuzi 60 hadi 85 ni kawaida. Prosesa nyingi za Intel kikomo chake cha joto ni karibu 100. Nyingi za AMD Ryzen 7000 ni 95, na kubwa zake zimeundwa ziweze kufanya kazi hapo hapo. Kwa hiyo tafuta kikomo cha prosesa yako kwanza, ndipo uogope.

Hatua ya 4: Tazama joto linavyopanda. Hii ndiyo hatua watu huiruka, na kwangu ndiyo yenye faida kuliko zote. Kaa mbele ya skrini wakati kazi inaanza. Joto likiruka kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde chache, na ukisimamisha kazi likaporomoka vilevile, kipoza joto hakijaikalia prosesa vizuri: skrubu imelegea, au pesti (ule uji mzito wa kupitisha joto) iliyo katikati yao imekauka. Likipanda polepole, dakika baada ya dakika, bila kutulia mahali, basi prosesa inatoa joto vizuri ila hewa haipiti. Hapo shuku vumbi, feni iliyokufa, au boksi lililosukumwa hadi ukutani. Namba ya mwisho yaweza kuwa moja, lakini dawa ni mbili tofauti kabisa.

Hatua ya 5: Safisha. Zima, chomoa waya, fungua. Shika feni kwa kidole unapopuliza vumbi ili isizunguke ovyo. Kisha rudia hatua ya 2 na ya 3, ulinganishe.

Maswali ya wadau

*Mkuu, HWMonitor inaniandikia nyuzi 127 kwenye mstari mmoja, nayo mashine ni ya baridi. Inaungua?*
Haiungui. Mara nyingi hicho ni kihisi kisichounganishwa na kitu, ndiyo maana namba haibadiliki. Wewe fuata mistari yenye jina la prosesa, kadi ya picha na diski.

*Laptop yangu inafika 90 nikicheza gemu. Niache?*
Laptop huwa na joto kuliko kompyuta ya mezani, nafasi ya hewa ni finyu. Inyanyue kwa nyuma, na usiiweke kitandani. Godoro huziba matundu ya chini. Kasi ikishuka katikati ya gemu, isafishe.

*Na diski je?*
CrystalDiskInfo hukuonyesha. Diski ya kuzunguka nisingependa ipite 50. SSD za NVMe (diski za chipu, zisizozunguka) huvumilia zaidi, ila nyingi hupunguza kasi zikikaribia 70 au 80.

*Yangu inazimika ghafla lakini prosesa iko 60 tu.*
Basi usiihukumu prosesa, ndugu. Angalia kadi ya picha kwanza. Nayo ikiwa sawa, jaribu pawa saplai nyingine inayotosha mashine hiyo. Ila usiifungue ile ya zamani: ndani yake umeme hubaki hata baada ya kuchomoa waya.