Uzamili: Ng'ambo au Nairobi?

Anza na kazi unayoitaka. Fungua matangazo kumi ya ajira ya cheo unacholenga uone wanataka nini. Ikiwa kazi yako inahitaji leseni ya Kenya, uliza bodi ya taaluma yako kama inaitambua shahada ya chuo unachokifikiria kabla hujalipa hata ada ya maombi.

Halafu piga hesabu yote, si karo pekee. Uingereza uzamili mwingi huchukua mwaka mmoja, ila kabla ya kuomba viza, pesa za kujikimu lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Ukikopa kwa shemeji ukarudisha siku ya 20, viza imekwenda. Tangu Januari 2024, wanaosoma uzamili wa kozi za darasani hawaruhusiwi kwenda na mke, mume wala watoto. Ujerumani, vyuo vingi vya umma havitozi karo, lakini jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wageni wasio wa Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula.

Nairobi unasoma jioni ukiendelea kulipwa, na hilo si dogo. Kinachokwamisha watu ni tasnifu: msimamizi hapatikani, rasimu inalala mezani miezi. Kwa hivyo usiulize idara kozi ni ya miaka mingapi. Uliza: kati ya waliojiunga miaka mitatu iliyopita, wangapi wamehitimu? Wakikwepa swali, jibu umeshalipata.

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza wa kusomea uzamili huko, hulipa karibu kila kitu, ila unakulazimu kurudi nyumbani ukimaliza na kukaa angalau miaka miwili.