Risasi zikilia katikati ya ibada: ufanye nini kabla polisi hawajafika, na wakishafika

Nianze na tukio lenyewe, manake maelekezo matupu huwa hayakai kichwani. Jumamosi tarehe 27 Oktoba 2018, mtaa wa Squirrel Hill, mji wa Pittsburgh kule Pennsylvania, Marekani. Kulikuwa na jengo la sinagogi linaitwa Tree of Life, na asubuhi hiyo ndani walikuwa wanasali jumuiya tatu za Wayahudi: Tree of Life wenyewe, New Light na Dor Hadash. Akaingia mtu na bunduki ya aina ya AR-15 na bastola tatu, akaua watu 11. Mdogo wao alikuwa na miaka 54, mkubwa wao bibi wa miaka 97. Dakika chache kabla alikuwa ameshaandika mtandaoni kwamba anaingia, amejaa chuki kwa Wayahudi na hasa kwa shirika lao la HIAS linalosaidia wakimbizi. Jina lake silitaji, ukiwa umelala chini ya benchi halitakusaidia kitu.

Simu ya kwanza iliingia 911, namba ya dharura ya Marekani, kama saa nne kasoro dakika sita asubuhi, na polisi wakafika kwenye saa nne kasoro moja. Dakika tano hivi. Hiyo ni haraka aisee, sehemu nyingi hupati hivyo, lakini dakika tano mbele ya mtu mwenye bunduki ni muda mrefu mno. Kwa hiyo karibu kila kitu nitakachokuambia hapa kinahusu hizo dakika ambazo upo wewe na wenzako tu.

Kazi kubwa ni ya kabla. Wiki ijayo ukienda kusali, iwe sinagogi, kanisa au msikiti, kabla hujakaa tafuta milango miwili ya kutokea, na usihesabu ule ulioingilia kwa sababu na mshambuliaji huenda akaingilia huohuo. Kausukume mlango wa nyuma uone kama kweli unafunguka au umezibwa na viti vya sherehe za mwaka juzi (karibu kila nyumba ya ibada ina mlango wa namna hiyo, na kila mtu anajua, na hakuna anayehamisha viti). Halafu jiulize nani anakaa mlangoni. Sisemi lazima awe na silaha, watu wanabishana sana kuhusu hilo na mabishano hayaishi, ila lazima awepo mtu anayewajua waumini, mwenye simu, na anayejua namna ya kuufunga mlango haraka. Kule Halle, Ujerumani, tarehe 9 Oktoba 2019, siku ya Yom Kippur, sikukuu takatifu kuliko zote ya Wayahudi, jamaa mwenye silaha alipiga risasi mlango wa sinagogi na ndani kulikuwa na watu zaidi ya 50. Mlango ulikuwa umefungwa na ukagoma kabisa. Akaua watu wawili nje, inauma, lakini ndani hakuingia. Ndo maana Marekani serikali kuu ina mfuko wa ruzuku kupitia FEMA, idara yake ya maafa, nyumba za ibada zinaomba hela za milango, kamera na vioo vigumu. Kama uko kwenye kamati ya jengo, omba, na usisubiri liwakute ndo muanze vikao.

Suala la simu nalo lina kisa chake. Wayahudi wengi wanaoshika Sabato hawagusi simu siku hiyo. Rabi Jeffrey Myers wa Tree of Life alikuwa ameshauriwa na mtaalamu wa usalama wa shirikisho la Wayahudi la pale Pittsburgh, mtu aliyewahi kufanya kazi FBI, kwamba awe nayo hata siku ya Sabato. Akawa nayo, na siku hiyo akapiga 911 akiwa mlemle ndani. Sheria ya Kiyahudi yenyewe inaruhusu, kuokoa uhai kunatangulia Sabato, wao wanaita pikuach nefesh. Kwenu kama utaratibu ni simu zote zizimwe, basi mpangieni mtu mmoja au wawili wabaki nazo.

Haya, sasa risasi zimeanza. Kosa la kwanza ambalo karibu kila binadamu analifanya ni kuitafutia ile sauti maelezo mazuri. Myers mwenyewe alisimulia kwamba mwanzo alidhani kitu cha kutundikia makoti kimeanguka huko nje. Ukisikia mshindo usiouelewa usiende kuchungulia na usimtume kijana akaangalie, wewe anza kusogea mlango wa pili. Ukikuta kweli ni kitu kimeanguka mtacheka baadaye, hakuna aliyekufa kwa aibu.

Marekani wanafundishwa maneno matatu, kimbia, jifiche, pambana, kwa mpangilio huohuo. Kimbia ni ya kwanza na acha mkoba, acha koti, acha viatu kama umevivua. Tatizo ni kwamba kwenye ibada ya asubuhi wengi ni wazee na wengine hawawezi kukimbia, na hapo maelekezo mengi ya mtandaoni yananyamaza. Myers aliwaambia waumini walale chini, kisha akawatoa aliowafikia, wale wa mbele. Nyuma walibaki watu 8 ambao hakuweza kuwafikia, saba wakauawa na mmoja akajeruhiwa. Simwambii mtu angefanya vingine. Ninachosema ni kwamba wazee wakae karibu na mlango wa kutokea badala ya kule kwenye siti yao ya miaka yote, na kila mzee awe na mtu wake anayejua kabisa kwamba likitokea la kutokea huyu namkokota mimi. Mtanuniwa wiki mbili kwa kuhamisha watu siti, itapita.

Kujificha: funga mlango, zima taa, zima mlio wa simu pamoja na ule mtetemo, sukuma kitu kizito mlangoni, na usikae usawa wa mlango, kaa pembeni. Na hili naomba ulishike, ukimya haumaanishi imeisha. Pale Pittsburgh kuna waumini wa New Light walijificha kwenye chumba cha giza, kukawa kimya, mzee mmoja akafikiri yameisha akafungua mlango kuangalia, akapigwa risasi. Mnabaki ndani mpaka polisi waje kuwatoa wenyewe.

Kupambana ni pale huna pa kwenda. Januari 15, 2022 kule Colleyville, Texas, rabi na waumini watatu walishikwa mateka sinagogini na mtu mwenye silaha, mmoja akaachiwa kabla, waliobaki wakakaa muda wa kama saa 11, na rabi alipoona mambo yanazidi kuharibika akamrushia yule mtu kiti wakatoka mbio mlangoni. Baadaye alisema mafunzo ya usalama aliyopata ndo yaliyomwezesha. Angalia alivyofanya, hakutaka kumshinda yule mtu, alitaka sekunde chache za kufika mlangoni.

Ukipiga 911 anza na anwani. Anza na anwani! Watu wanaanza na kilio, na ni haki yao, ila laini ikikatika opereta abaki na mahali. Kisha sema uko chumba gani na ghorofa gani, umeona washambuliaji wangapi, wana silaha gani, na majeruhi wako wapi. Usiseme umeona wawili kama umemuona mmoja, polisi watatumia muda kumsaka wa pili. Kama huwezi kuongea acha laini wazi, opereta atasikiliza.

Polisi wakifika ndo watu wengi wanashangaa. Zamani askari wa doria walikuwa wanazingira jengo wakisubiri kikosi maalumu, ila baada ya mauaji ya shule ya Columbine mwaka 1999 utaratibu ukabadilika, wa kwanza kufika wanamfuata mpigaji. Pittsburgh askari wa kwanza walikutana naye mlangoni akitaka kutoka, wakarushiana risasi, akarudi ndani akapanda juu. Ndo SWAT, kile kikosi maalumu, wakaingia, chumba baada ya chumba, wakamkuta juu na risasi zikaanza upya, askari kadhaa wakajeruhiwa, mmoja vibaya sana. Alijisalimisha baada ya saa tano asubuhi, yaani zaidi ya saa nzima toka simu ya kwanza.

Kwako hiyo ina maana mbili. Moja, wale wanaoingia kwanza wanaweza kukuruka ukiwa unavuja damu na wasisimame, si roho mbaya, kazi yao ya kwanza ni kuzuia asiuawe mwingine. Pili, hawakujui. Mikono juu, vidole wazi, simu idondoshe, usiwakimbilie wala kuwashika, usipige kelele za kuonyesha njia mpaka wakuulize. Watakuelekezea bunduki na huenda wakakufunga pingu, vumilia, yatanyooshwa nje. Na kama wewe ni yule muumini mwenye kibali cha silaha, ukisikia polisi wameingia iweke chini na usogee mbali nayo.

Mtu aliyepigwa mkononi au mguuni anaweza kuisha damu kabla hajamuona daktari. Bonyeza jeraha kwa nguvu zako zote kwa kitambaa chochote, shali hata, kama shimo ni kubwa lijaze kitambaa ndani uendelee kubonyeza. Kama mna mkanda maalumu wa kubana damu, ufunge kati ya jeraha na kiwiliwili, si juu ya jeraha lenyewe, kaza mpaka damu isimame, andika saa, usiulegeze. Kule Tree of Life wahudumu wa dharura waliofunzwa waliingia pamoja na SWAT wakatoa majeruhi wakati jamaa bado yuko ndani, lakini usiweke matumaini yako yote hapo. Mafunzo ya kuzuia damu ni ya saa chache tu, Marekani yapo chini ya kampeni ya Stop the Bleed, peleka hata watu watano.

Ukishatoka nje hutarudi kuchukua gari wala pochi, jengo linakuwa eneo la ushahidi. Toa maelezo uliyoyaona wewe, si uliyoyasikia kwa jirani. Familia zinaelekezwa sehemu moja ya kusubiri, pale Squirrel Hill ilikuwa kituo cha jumuiya ya Wayahudi, na walisubiri mno kwa sababu miili ilibaki ndani wapelelezi wakifanya kazi, majina yakatangazwa Jumapili asubuhi. Kwa hiyo kama umemuona mtu ameanguka na ndugu yake anakupigia, mwambie mlikuwa naye wapi na saa ngapi, mpeleke kwenye hicho kituo, na jina usiliweke kwenye grupu la WhatsApp.