Kabla hujavuka na bastola

Bastola yangu ya kulengea shabaha hailali nyumbani kwangu. Inalala ghala la silaha, kwa kufuli na daftari la saini. Kwa hivyo mazoezi yangu mengi nayafanya na chupa ya maji ya lita moja, ambayo kwa uzito haiko mbali na bastola ya mashindano. Baada ya sala ya Alfajiri nasimama barazani, mkono mmoja nimeunyoosha, nahesabu hadi 8, nashusha. Mara 30 kila siku, wiki 6 kabla ya kuvuka kwenda Dar kwenye mashindano. Jirani alishamuuliza mama kama nimepandwa na sheitani.

Kinachofunzwa pale si kunyanyua, ni kushusha. Mashindano yetu wanawake ya mita 25 yana risasi 60, na 30 za mwanzo ni za utulivu: risasi 5 kwa dakika 5. Dakika nzima kwa risasi moja! Na bado mtu ananyanyua, anashikilia mpaka macho yanaingia maji na mkono unacheza, na badala ya kushusha apumue, anavuta triga. Mie mashindano yangu ya kwanza risasi moja nilipata alama 6 kati ya 10 kwa ujinga huo, na dakika 3 zilikuwa bado zipo. Sasa hesabu ikifika 8 sijapiga, nashusha.

Ukifika kambini pa kupigia shabaha, bastola tupu na imeshakaguliwa na watu wawili, simama ubavu kwa shabaha. Fumba macho, nyanyua mkono, fumbua. Ukikuta umeelekea kushoto usiuvute mkono; sogeza mguu wa nyuma kidogo, ufumbe tena. Duara la katikati, la alama 10, kwa risasi hizi za utulivu lina upana wa sentimita 5, kama mdomo wa kikombe cha kahawa, na huliwezi kwa kulazimisha misuli. Kisha iachie shabaha iwe na ukungu. Jicho litulie kwenye nundu ya kulengea iliyo mbele ya bastola, mwanga uwe sawa kushoto na kulia ndani ya pengo la nyuma. Kidole cha shahada kivute peke yake, polepole, vyengine vimelala.

Risasi 30 za mwisho, shabaha hujitokeza sekunde 3 na kujificha 7, risasi moja kila ikitokea. Pale hakuna nafasi ya kubadili nia. Zifanyie mazoezi siku yake mbali.

Tunaovaa mtandio: nguo nene chini ya vikinga masikio huacha upenyo na mshindo unaingia. Tia vizibo vidogo masikioni kwanza, mtandio mwepesi juu yake, halafu vile vikubwa.

Usivuke kwenda Dar asubuhi ya mashindano. Kusi likivuma unashuka botini na ardhi bado inayumba. Vuka jana yake, vibali vya silaha viwe mkononi, na jioni ile ile bastola ipanguswe kwa kitambaa kikavu na mafuta kidogo, maana chumvi ya bahari haingoji kesho. Usiku huo urojo usahau. Kahawa mie nimeiacha kabisa asubuhi ya kupiga. Mapigo ya moyo unayaona yakiitikisa nundu.

Kabla alama hazijaanza kuhesabiwa unapewa risasi 5 za kujipima. Nikiamriwa kuanza, nanyanyua, naweka jicho, kidole kinagusa triga, halafu nashusha makusudi bila ya kupiga. Ndipo nanyanyua tena.