Katika kukisia na kuhakiki, kisio lililokosea lisifutwe

Mwalimu anayefundisha mafumbo ya hisabati kwa njia ya kukisia na kuhakiki amwelekeze mwanafunzi kuandika kila kisio katika jedwali, likiwemo lililokosea, kwa sababu kosa hilo ndilo linaloonyesha upande wa kuelekea. Chukua mfano wa mtaani Moshi: mahali fulani zimeegeshwa bodaboda na bajaji, jumla vyombo 20, na magurudumu yake yote ni 47, je, bajaji ni ngapi? Mwanafunzi akikisia bajaji 10 na bodaboda 10, atapata magurudumu 30 na 20, yaani 50, ambayo yamezidi kwa 3.

Hapa ndipo pa kutulia, kwani mtoto asiyeongozwa hufuta na kubahatisha upya. Aulizwe kwanza: bajaji moja ikiondoka na bodaboda ikachukua nafasi yake, jumla ya magurudumu inabadilikaje? Akishagundua kuwa inapungua kwa 1, ataona mwenyewe kwamba ziada ya 3 inadai bajaji 3 zibadilishwe, zibaki 7 zenye magurudumu 21, pamoja na bodaboda 13 zenye magurudumu 26. Uhakiki uguse masharti yote mawili, idadi ya vyombo na ya magurudumu, maana wengi huridhika na moja tu.

Nashauri pia kisio la kwanza liachwe kwa mtoto mwenyewe: hata akianza na bajaji 2, atapata magurudumu 42, na upungufu wa 5 utamfikisha kwenye 7 ileile.