Somo: Kuzoea maisha na kazi Hamburg kwa anayetoka Mombasa kwenda mafunzo ya kazi

Somo hili ni la kijana wetu aliyekwisha kupata barua ya kampuni ya Hamburg, awe wa bandari, wa hoteli au wa karakana. Namna ya kutafuta nafasi tuiache. Tuzungumzie miezi ya kwanza, maana wengi hukwama hapo, na si kwa kutojua kazi. Hukwama kwa kunyamaza. Hapa kwetu ukikaa barazani umejiinamia, hazipiti dakika tano mtu hajakuuliza una nini. Kule ukinyamaza wanajua uko sawa. Si chuki, ndivyo walivyo: mwenye haja huisema mwenyewe.

Hatua ya kwanza: kabla ya ndege

Mafunzo yakizidi siku 90, viza ya Schengen (ile ya kuzuru nchi nyingi za Ulaya) ya muda mfupi haitoshi. Unahitaji viza ya taifa ya Ujerumani, na maombi yake hupelekwa ubalozini Nairobi. Anza mapema kuliko unavyodhani inafaa.

Mkataba usome kabla ya kutia sahihi. Tazama saa za kazi, malipo, likizo, na nani atakusimamia. Lililokosekana liulize kwa barua pepe, tena bila kuomba radhi nyingi. Hawataona ni ujuba.

Jaketi zito litafute soko la Kongowea hapa Mombasa, utalipata kwa bei nafuu. Viatu visivyopenyeza maji nunua ukifika Hamburg. Bizari ya pilau, iliki na mdalasini beba, lakini nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kuingizwa Ulaya na msafiri, na maembe mabichi au mabivu yatakuletea shida forodhani.

Hatua ya pili: wiki mbili za kwanza

Ukishahamia, una wiki mbili za kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi. Wao huita Anmeldung, na neno hilo utalisikia kila unapogusa. Unakwenda na pasipoti pamoja na karatasi iliyotiwa sahihi na mwenye nyumba kwamba unakaa kwake. Kwa hiyo chumba ambacho mwenyewe anakataa kukuandikia karatasi hiyo, kiache, kiwe rahisi namna gani. Bila kujiandikisha namba ya kodi haiji, na mwajiri asipokuwa nayo anaweza kukukata kodi ya kiwango cha juu.

Sasa hapa nataka utulie. Namba hiyo huja kwa barua, nyumbani. Sisi barua zetu ni za sanduku la posta. Kule tarishi anapita mlango kwa mlango akisoma majina. Langoni mwa jengo utakuta safu ya visanduku vya chuma, kila kimoja na kibandiko cha jina. Chako huenda kina jina la mpangaji aliyehama. Jina lako lisipoonekana, barua hurudishwa ilikotoka, na hakuna atakayekupigia simu. Siku ileile ya kuhamia mwambie mwenye nyumba, kisha andika jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, ulibandike kwa selotepu. Kadi ya benki, kadi ya bima ya afya (bima ni lazima kisheria), barua za uhamiaji, zote zinapita kwenye kile kisanduku.

Mengine ni mepesi. Jumapili maduka mengi hufungwa, nunua unga na mafuta Jumamosi. M-Pesa hakuna, tembea na kadi na pesa taslimu kidogo. Chupa nyingi za plastiki hulipiwa amana ya euro 0.25, zirudishe dukani upewe pesa yako. Maji ya bomba yananywewa. Chooni hakuna maji ya kutawadhia, nunua kopo lako. Kuanzia saa nne usiku usipige kelele. Dharura ya ugonjwa au moto ni 112, polisi ni 110.

Hatua ya tatu: kazini

Kama kazi inaanza saa mbili asubuhi, saa mbili uwe umeshavaa sare umesimama mahali pako. Ukiona utachelewa, piga simu kabla ya saa, usije na maelezo baadaye.

Salamu ni fupi. Hamburg husema "Moin" asubuhi mpaka usiku, na hapo salamu imekwisha; habari za nyumbani na za watoto hazifuati. Msimamizi akikwambia "hii si sawa, irudie," anasema kuhusu kazi, si kuhusu wewe. Chakula cha mchana kila mtu hujilipia. Siku yako ya kuzaliwa ni wewe unayeleta keki kazini, na ukileta mahamri watakukumbuka.

Usipoelewa maelekezo, usitikise kichwa. Sema hukuelewa, omba uonyeshwe. Kijana anayeitikia "ndiyo" kwa heshima kisha akaharibu kazi huonekana hawezi kuaminiwa, ilhali ni adabu tu aliyolelewa nayo. Hilo huniuma sana.

Hatua ya nne: giza

Watu huogopa baridi, lakini giza ndilo linalochosha. Sisi jua letu huzama karibu saa ileile mwaka mzima. Desemba kule huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi jioni. Unakwenda kazini gizani, unarudi gizani. Saa ya mapumziko toka nje utembee, hata kama kuna mawingu. Juni mambo hugeuka, Magharibi huingia kuelekea saa nne usiku.

Maswali mliyouliza

Mwalimu, nitaswali vipi kazini?

Wakati wa baridi Adhuhuri, Alasiri na hata Magharibi zaweza kuingia ndani ya saa za kazi. Mwambie msimamizi wiki ya kwanza: "Nahitaji dakika chache na pembe tulivu." Ukifanya kazi zaidi ya saa sita, sheria inakupa mapumziko ya angalau nusu saa, yatumie. Kwa Ijumaa, omba mapema ubadilishiwe saa. Mtaa wa St. Georg una misikiti, na barabara ya Steindamm ina maduka ya nyama halali.

Mimi ni mama wa Likoni. Mwanangu yuko kule, nikimpigia hashiki. Amebadilika?

Shikamoo mama. Wao wako nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi, saa moja wakati wa kiangazi. Ukipiga saa kumi jioni, yeye bado yuko kazini na simu ameiweka. Mpigie baada ya Isha ya huku. Akishika, usimuulize tu kama ni mzima, atasema ni mzima. Muulize leo amekula nini na amekula na nani. Jibu la swali la pili ndilo litakalokupa hali yake.

Nikiugua je?

Piga simu kazini kabla ya zamu kuanza. Ugonjwa ukizidi siku tatu lazima upate uthibitisho wa daktari, na mwajiri ana haki ya kuutaka mapema zaidi. Usiende kazini na homa ukidhani watakusifu.

Lazima nilipwe?

Kama mafunzo yako ni atachimenti, yaani yale yanayotakiwa na chuo, sheria ya mshahara wa chini kwa kawaida haikuhusu, ni mapatano yenu. Kama ni ya hiari na yanazidi miezi mitatu, sheria hiyo inakuhusu.

Mwishoni nidai nini?

Dai Zeugnis, cheti chenye maelezo ya kazi ulizofanya na namna ulivyozifanya. Kiombe kabla ya wiki ya mwisho, ukisome mbele ya anayejua Kijerumani vizuri, na lililosahaulika omba liongezwe ukiwa bado upo. Kisha jiondoe kwenye orodha ya wakazi, na uvunje kwa maandishi mikataba ya simu na bima, la sivyo bili zitaendelea kuja kwenye kile kisanduku.